Utafiti wa Kaswende wa Tuskegee (1932–1972): Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Jina la Tuskegee huwafikia wengi kupitia ubishi. Mtu anakataa chanjo kwenye kundi la WhatsApp, mwenzake anajibu "mmesahau Tuskegee?", na wa tatu anaapa kwamba Wamarekani waliwadunga watu weusi kaswende makusudi. Kilichotokea Alabama hakikuwa hicho, na ubaya wake haupungui kwa hilo. Haya ndiyo maswali yanayorudi kila mara.

Kwa ufupi, kilitokea nini?

Kuanzia 1932 hadi 1972, Idara ya Afya ya Umma ya Marekani iliwafuatilia wanaume weusi wapatao 600 wa kaunti ya Macon, jimbo la Alabama, ambako ndiko uliko mji wa Tuskegee. Kwa hesabu rasmi, 399 walikuwa na kaswende (wengine huiita sekeneko) na 201 hawakuwa nayo. Hao 201 walikuwa kundi la kulinganishia. Waliohesabu upya majalada hupata jumla inayozidi 600 kidogo, kwa kuwa wengine waliongezwa baadaye.

Watafiti walitaka kuona kaswende inamfanya nini mtu asiyetibiwa tangu siku anayopimwa hadi anapokufa, kisha maiti ipasuliwe ili kuthibitisha. Wagonjwa hawakuambiwa wanaumwa kaswende, hawakuambiwa kwamba huu ni utafiti, na waliamini wanatibiwa. Mpango wa awali ulikuwa wa miezi michache, usifike hata mwaka. Ukadumu miaka 40.

Je, walidungwa kaswende?

Hapana. Waliokuwa wagonjwa walikutwa tayari wanaumwa. Kosa la Tuskegee ni kuwaacha wakiumwa huku dawa ipo, na kuwadanganya ili wasiende kuitafuta.

Hadithi ya kudungwa ina mzizi mahali pengine. Kati ya 1946 na 1948, madaktari wa idara hiyohiyo walikwenda Guatemala wakawaambukiza makusudi kaswende, kisonono na pangusa wafungwa, askari na wagonjwa wa akili. Walioambukizwa au kuwekwa katika hatari hiyo walikuwa takribani 1,300. Aliyeongoza kazi ile, Dkt. John Cutler, baadaye alishiriki pia Tuskegee. Jambo hilo lilijulikana baada ya mwanahistoria Susan Reverby kukuta nyaraka za Cutler zimehifadhiwa chuo kikuu Pittsburgh, na mwaka 2010 Rais Obama alimpigia simu Rais Álvaro Colom wa Guatemala kuomba radhi. Kwa hiyo mtu akikwambia "walidungwa", mweleze kwamba amechanganya nchi mbili.

Kwa nini Macon?

Kwa sababu takwimu zilikuwa tayari mezani. Mwaka 1930 kaunti ile ilikuwa na watu wapatao 27,000, zaidi ya wanane katika kila kumi wakiwa weusi. Wengi walilima pamba katika shamba la mtu mwingine kwa mkataba wa kugawana mavuno, na wakifunga hesabu za msimu hubaki na deni. Daktari alikuwa mtu wa kusikika tu.

Mwishoni mwa miaka ya 1920 Mfuko wa Rosenwald, ulioanzishwa na tajiri wa kampuni ya Sears, ulilipia mradi wa kupima na kutibu kaswende katika kaunti sita za Kusini. Macon ndiyo iliyoongoza: zaidi ya theluthi ya waliopimwa walikutwa nayo. Mradi ulionyesha pia kwamba wakulima hawa hutibika vizuri wakifikiwa. Kisha soko la hisa likaanguka mwaka 1929, mfuko ukaishiwa pumzi, fedha za dawa zikakatika.

Hapo ndipo Dkt. Taliaferro Clark, mkuu wa kitengo cha magonjwa ya zinaa cha Idara ya Afya ya Umma, alipopata wazo. Wagonjwa wapo, dawa haipo, basi tuwaangalie. Ndani ya wazo hilo mlikuwa na dhana ya ubaguzi iliyokubalika kwa madaktari wengi wa enzi ile: eti kaswende humshambulia mzungu kwenye ubongo na mtu mweusi kwenye moyo na mishipa. Walitaka pia kitu cha kulinganisha na kumbukumbu za Oslo, ambako Dkt. Boeck aliwaacha karibu wagonjwa 2,000 bila dawa ya zebaki kati ya 1891 na 1910 kwa kuamini kwamba dawa ile ina madhara kuliko ugonjwa. Lakini matokeo ya Oslo yalikwisha kuchapishwa mwishoni mwa miaka ya 1920, na yalionyesha wazi kwamba kaswende isiyotibiwa huua. Macon ilikuja kuuliza swali lililokwisha jibiwa.

Waliambiwa wanaumwa nini?

"Damu mbaya." Huko Kusini maneno hayo yalibeba kila kitu: upungufu wa damu, uchovu, maumivu ya viungo, na kaswende pia. Ni kama mtu wa kwetu anavyosema "nina malaria" kwa homa yoyote ile. Daktari aliyetamka "damu mbaya" alijua anachomaanisha. Mkulima aliyesikia alielewa kitu kingine, na daktari alijua hivyo pia.

Utafiti wenyewe uliendeshwaje, hatua kwa hatua?

Kwanza tangazo lilipita makanisani, shuleni na dukani: madaktari wa serikali wanapima damu bure. Wanawake na watoto walijitokeza pia, jambo lililowachelewesha watafiti, maana walichotaka ni wanaume wa miaka 25 na kuendelea ambao kaswende yao imejificha, haina kidonda wala upele. Aliyekutwa nayo alipimwa tena, akaulizwa historia yake, akachunguzwa moyo na mishipa na kupigwa eksirei.

Kisha kulikuwa na dawa kidogo. Mwaka wa kwanza, kwa kuwa viongozi wa afya wa eneo hawakukubali watu wapimwe tu na kuachwa, wagonjwa walipewa dozi chache za sindano ya aseniki pamoja na zebaki. Matibabu kamili ya wakati ule yalikuwa sindano za kila wiki za aseniki zikipokezana na zebaki au bismuthi kwa zaidi ya mwaka mzima. Walichopata hakikutosha kuponya. Kilitosha kuvuruga takwimu, na hilo tutalirudia.

Hatua iliyofuata, mwaka 1933, ni ya kuchoma sindano katika uti wa mgongo na kuvuta maji yake, ili kuona kama ugonjwa umefika kwenye ubongo. Kipimo hiki kinauma, na baada yake mtu anaweza kuumwa kichwa siku kadhaa asiweze hata kuketi. Wangeambiwa ukweli, wengi wasingefika. Basi wakaandikiwa barua kwamba wanaitiwa matibabu, na mwisho wake, kwa herufi kubwa, ikakumbusha kuwa hiyo ni nafasi ya mwisho ya kupata tiba maalumu ya bure. Ukiwa na muda wa kusoma ukurasa mmoja tu wa nyaraka zote za Tuskegee, soma barua hiyo.

Clark alistaafu mwaka huohuo, na Dkt. Raymond Vonderlehr akashika nafasi yake akiamua kazi iendelee hadi mgonjwa wa mwisho afe. Mwenzake Oliver Wenger alimwandikia Julai 1933 kwamba, kwa maoni yake, hawana haja tena na wagonjwa hawa mpaka watakapokufa. Toka hapo ikawa kawaida: madaktari wa idara hiyo kutoka Washington, na baadaye Atlanta ambako usimamizi wa utafiti ulihamia, wanakuja kwa vipindi, wanachukua damu, wanapima, wanaondoka. Katikati yake wanaume walipewa aspirini na dawa ya madini ya chuma. Akifa mtu, maiti hupelekwa hospitali ya John A. Andrew ndani ya chuo cha Tuskegee, chuo cha watu weusi mjini humo, na kupasuliwa.

Mbona walikubali kwa miaka 40?

Swali hili huulizwa kwa dharau kidogo, kana kwamba walikuwa wajinga. Angalia walichokuwa wanapewa. Vipimo bure mahali pasipo na daktari. Kubebwa kwa gari hadi mjini na kurudishwa. Chakula cha moto siku ya vipimo. Na kubwa kuliko yote, mazishi: kuanzia 1935 Mfuko wa Milbank Memorial ulitoa fedha za maziko, karibu dola 50 kwa mtu, kwa sharti kwamba familia ikubali maiti ipasuliwe.

Msomaji aliyewahi kuchangia chama cha kufa na kuzikana haelezwi zaidi. Kwa mkulima wa Macon, kuzikwa kwa aibu kulikuwa jambo zito sawa na kufa kwenyewe. Watafiti walijua, wakanunua maiti mapema kwa bei ya jeneza.

Mwaka 1958 kila mshiriki alipewa cheti cha shukrani na dola 25, dola moja kwa kila mwaka.

Muuguzi Eunice Rivers alikuwa mwovu?

Rivers, mwanamke mweusi aliyesomea uuguzi Tuskegee, ndiye mtu pekee aliyekuwepo tangu mwanzo hadi karibu na mwisho. Madaktari walibadilika, yeye alibaki. Ndiye aliyewajua wanaume kwa majina, wake zao, mashamba yao, na ndiye aliyekwenda nyumbani kwa mfiwa kuomba ruhusa ya kupasua. Mara chache sana alikataliwa. Mwaka 1958 serikali ilimtunuku tuzo ya utumishi.

Alijitetea kuwa aliwapa watu hawa huduma ambayo hakuna mwingine angewapa, na kwamba muuguzi hatoi uamuzi wa tiba. La kwanza lina ukweli, la pili lilikuwa desturi ya kazi yake. Lakini alijua wanaugua nini, na alijua dawa ipo. Kwa maoni yetu, anayemtwisha yeye mzigo wote anawarahisishia madaktari walioandika mpango na waliokuwa na mamlaka ya kuufuta.

Walizuiwaje kupata dawa kwingineko?

Kwa orodha. Madaktari wa eneo, weupe na weusi, walipewa majina na kuombwa wasiwatibu kaswende watu hao. Vita Kuu ya Pili ilipoanza, jeshi lilipima vijana wote walioandikishwa na kuamuru wenye kaswende watibiwe. Watafiti waliipatia bodi ya uandikishaji orodha ya majina 256 ili watu hao wasitibiwe, na bodi ikakubali. Kliniki za matibabu ya haraka zilipofunguliwa Alabama, muuguzi na maofisa waliwajua wanaume hao na kuwarudisha nyumbani.

Uzio ulivuja, hata hivyo. Wengine walihamia Chicago, Detroit au Cleveland na kutibiwa huko, na wengine walidungwa penisilini kwa ajili ya ugonjwa mwingine kabisa. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1950 karibu asilimia 30 walikuwa wameipata kwa namna moja au nyingine, ingawa ni wachache mno waliofikisha kipimo cha kutosha. Wake zao hawakuambiwa chochote.

Si kweli kwamba penisilini isingewasaidia, maana ugonjwa ulishakomaa?

Huu ndio utetezi uliotumika zaidi, kwa hiyo tuuchambue polepole.

Kaswende husababishwa na bakteria aina ya Treponema pallidum. Huanza na kidonda kisichouma, hupona chenyewe. Wiki au miezi baadaye hufuata upele na homa, navyo hupona. Kisha ugonjwa hujificha miaka mingi. Wengi wa wagonjwa wasiotibiwa hawapati dalili tena. Wanaobaki hupata madhara makubwa: mshipa mkuu unaotoka moyoni hutanuka na unaweza kupasuka, ubongo huharibika, macho hupofuka, mifupa na ngozi huliwa na uvimbe.

Penisilini ilionyeshwa kuponya kaswende mwaka 1943, na kufikia 1947 ilikuwa tiba ya kawaida nchini Marekani. Huua bakteria katika hatua zote. Isichoweza ni kurudisha ukuta wa mshipa uliokwisha kutanuka au chembe za ubongo zilizokwisha kufa. Maana yake ni kwamba kwa mtu ambaye bado hajaharibika, na hao walikuwa wengi, kila mwaka wa kuchelewa ulikuwa mwaka wa hatari ya bure. Utetezi mwingine, kwamba dawa ingeweza kuleta mshtuko wa homa mwilini bakteria wanapokufa kwa wingi, ni tatizo la kweli ambalo hospitali ilijua kulisimamia, na kwa kawaida huisha ndani ya siku moja.

Leo kaswende ya mapema hutibiwa kwa sindano moja ya penisilini ya benzathini, uniti milioni 2.4, kwenye misuli. Iliyokaa muda mrefu, sindano tatu za kipimo hicho, moja kila wiki. Ikifika kwenye ubongo au jicho, tiba ni nyingine na hufanyika hospitalini. Ndiyo maana mama mjamzito anapoanza kliniki hupimwa kaswende: ni kipimo cha dakika chache, na humwokoa mtoto.

Angalau sayansi ilifaidika?

Kidogo sana. Wagonjwa "wasiotibiwa" walikuwa wametibiwa nusunusu mwaka wa kwanza, na baadaye wengi zaidi wakapata penisilini. Waliokuwa kundi la kulinganishia, wakiambukizwa, walihamishiwa kundi la wagonjwa. Wengine walipotea wasionekane tena. Hakukuwa na andiko la mpango lililoeleza nini kitapimwa, lini na kwa nini. Hata jopo la uchunguzi la 1972, lililoundwa utafiti ulipofichuliwa, halikulipata. Utafiti wa kutazama ugonjwa usiotibiwa ambao hauwezi kusema nani hakutibiwa umekufa kabla haujazikwa.

Serikali iliuficha utafiti huu?

Hapana. Makala ya kwanza ilichapishwa mwaka 1936, na zikafuata nyingine hadi kufika kumi na kitu, katika majarida ya kitabibu yanayosomwa na maelfu ya madaktari. Kichwa cha kwanza kilitaja waziwazi kaswende isiyotibiwa na mwanamume mweusi. Karibu wote waliosoma hawakushtuka. Waliofichwa walikuwa washiriki peke yao.

Mwaka 1947 majaji wa Nuremberg waliowahukumu madaktari wa Wanazi waliweka kanuni kumi za utafiti juu ya binadamu, ya kwanza ikiwa ridhaa ya hiari. Wasimamizi wa utafiti hawakuona kama zinawahusu. Mwaka 1965 daktari kijana, Irwin Schatz, alisoma moja ya makala hizo akawaandikia watafiti barua kwamba hakuelewa vipi madaktari wanaweza kukaa wakitazama. Hakujibiwa. Na mwaka 1969 jopo la wataalamu lilikutana Atlanta kujadili kama utafiti uendelee. Likaamua uendelee. Chama cha madaktari cha kaunti ya Macon, ambacho wakati huo wanachama wake wengi walikuwa weusi, nacho kiliahidi ushirikiano.

Nani alifichua?

Peter Buxtun, mzaliwa wa Prague aliyekulia Marekani. Katikati ya miaka ya 1960 alikuwa mtumishi wa idara hiyohiyo huko San Francisco. Kazi yake ilikuwa kuhoji wagonjwa wa zinaa ili kuwapata waliowaambukiza. Alisikia habari wakati wa mapumziko kazini, akaomba nyaraka, akaletewa bila kificho. Aliandika malalamiko mwaka 1966, akaitwa Atlanta akakaripiwa. Akaandika tena 1968, baada ya kuuawa kwa Martin Luther King, akionya kwamba kundi la utafiti ni la watu weusi watupu. Jopo la 1969 lilitokana na barua hiyo.

Hatimaye akampa habari mwandishi wa shirika la Associated Press, naye akaipitisha kwa mwenzake Jean Heller. Habari ilitoka tarehe 25 Julai 1972, na kesho yake ikawa ukurasa wa mbele wa New York Times. Jopo jipya likashauri utafiti usitishwe, ukafungwa rasmi Novemba mwaka huo. Hata hapo, idhini ya kuwatibu walionusurika ilitoka Machi 1973. Buxtun alifariki mwaka 2024.

Walikufa wangapi?

Utafiti ulipofungwa walikuwa hai 74. Hesabu inayonukuliwa zaidi inasema 28 walikufa kwa kaswende yenyewe, takribani 100 kwa madhara yake, wake 40 waliambukizwa na watoto 19 walizaliwa nayo. Tumia namba hizi kwa tahadhari: kwa sababu tulizotaja juu, kumbukumbu za utafiti ni chafu, na ni vigumu kutenganisha aliyeuawa na kaswende na aliyeuawa na moyo tu.

Walilipwa fidia?

Wakili Fred Gray, aliyewahi kumtetea mwanaharakati wa haki za weusi Rosa Parks, alifungua kesi mwaka 1973 kwa niaba ya mshiriki Charlie Pollard na wenzake, akidai dola bilioni 1.8. Desemba 1974 pande mbili zilipatana nje ya mahakama kwa dola milioni 10. Mgonjwa aliye hai alipata dola 37,500. Warithi wa mgonjwa aliyefariki, dola 15,000. Wa kundi la kulinganishia aliye hai alipata dola 16,000. Warithi wao, dola 5,000. Serikali iliahidi pia matibabu ya maisha, ambayo mwaka 1975 yalipanuliwa kufikia wake, wajane na watoto walioambukizwa.

Radhi ilichelewa zaidi. Tarehe 16 Mei 1997 Rais Clinton aliomba msamaha Ikulu. Kati ya wanane waliokuwa bado hai, watano walihudhuria, na Herman Shaw, aliyekuwa na miaka 94, alihutubia. Mshiriki wa mwisho alifariki Januari 2004. Mfuko wa Milbank, uliolipia mazishi, uliomba radhi mwaka 2022.

Sheria gani zilizaliwa?

Sheria ya Taifa ya Utafiti ya 1974 iliunda tume iliyotoa Ripoti ya Belmont mwaka 1979, yenye misingi mitatu: kumheshimu mtu, kutenda mema, na haki. Toka hapo utafiti wa fedha za serikali ya Marekani hauanzi bila kamati ya maadili kupitia mpango wake na fomu ya ridhaa, hata ukifanyika Kisumu au Mbeya. Hicho ndicho chanzo kimojawapo cha ule ukurasa mrefu unaosainishwa kabla ya kutolewa damu.

Tuskegee inahusiana nini na Afrika Mashariki?

Jina lenyewe lilifika huku mapema kwa njia nyingine: mtindo wa elimu ya ufundi wa chuo cha Tuskegee ulisifiwa na Tume ya Phelps-Stokes iliyozunguka Afrika Mashariki mwaka 1924, na Shule ya Jeanes ikafunguliwa Kabete mwaka uliofuata.

Uhusiano mzito ulikuja 1997. Tayari ilijulikana tangu 1994 kwamba AZT, dawa ya kupunguza makali ya VVU, hupunguza maambukizi ya VVU kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto, lakini kwa dozi ndefu na ghali. Majaribio kadhaa ya dozi fupi yalifanyika katika nchi maskini, mojawapo likihusisha Tanzania, Uganda na Afrika Kusini, na baadhi ya akina mama walipewa dawa bandia. Mhariri wa jarida la kitabibu la New England Journal of Medicine, Marcia Angell, aliyalinganisha na Tuskegee, na mjadala ukawaka. Watetezi, wakiwemo wanasayansi wa Uganda, walijibu kwamba huku hakuna mama aliyekuwa akipata AZT kabisa, na kwamba jibu la haraka lilihitajika. Tofauti moja ni ya wazi: akina mama hawa waliombwa ridhaa. Lakini hoja ya "wasingepata dawa hata hivyo" ndiyo ileile ya Clark mwaka 1932, na hilo lilistahili kuulizwa. Mapema 1998, matokeo ya Thailand yalipoonyesha kuwa dozi fupi inafanya kazi, dawa bandia ilisitishwa.

Nikiombwa kushiriki utafiti, nikague nini?

Omba fomu kwa lugha unayoielewa na uende nayo nyumbani. Tafuta namba ya kibali cha maadili: Tanzania Bara hutolewa na taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba (NIMR), Zanzibar na taasisi ya utafiti wa afya (ZAHRI), Kenya kuna kamati ya maadili pamoja na leseni ya tume ya sayansi (NACOSTI), Uganda ni baraza la taifa la sayansi (UNCST). Fomu iseme damu itakayochukuliwa ni kiasi gani na mara ngapi, na sampuli itabaki wapi.

Uliza swali la Tuskegee waziwazi: ugonjwa huu una tiba nje ya utafiti huu? Ikigundulika tiba tukiwa katikati, mtanipa? Nikidhurika, nani analipa? Nikijitoa kesho, nitaendelea kupata huduma ya kliniki kama kawaida? Jibu la swali la mwisho lazima liwe ndiyo. Nauli na chai ni halali. Malipo makubwa kiasi cha kukufanya usisome fomu si halali. Asiyesoma huweka dole gumba mbele ya shahidi asiye mtumishi wa utafiti. Nakala moja ni yako, na iwe na simu ya kamati, si ya mtafiti peke yake.

Ndiyo sababu Wamarekani Weusi hawaamini hospitali?

Ni sababu mojawapo. Wachumi Marcella Alsan na Marianne Wanamaker, katika kazi iliyochapishwa 2018, walikadiria kwamba ufichuzi wa 1972 ulipunguza umri wa kuishi wa wanaume weusi wenye miaka 45 na zaidi kwa hadi mwaka mmoja na nusu, kwa kuwa waliacha kwenda hospitali. Lakini kutoaminiana kulikuwepo kabla yake, na leo kunalishwa na namna mgonjwa anavyopokewa mapokezi. Kusema "ni Tuskegee" wakati mwingine ni njia ya hospitali kukwepa kujiangalia.

Marubani wa Tuskegee ni watu hawahawa?

Hapana. Hao ni marubani weusi wa kivita waliofunzwa mjini hapo kuanzia 1941. Mji mmoja, miaka ileile, habari mbili.

Nyaraka ziko wapi?

Majalada yako Hifadhi ya Taifa ya Marekani, tawi la Atlanta. Barua nyingi za maofisa husomeka, taarifa za kitabibu za watu binafsi zimewekewa masharti. Mjini Tuskegee kuna kituo cha maadili ya utafiti ndani ya chuo kikuu, kilichofunguliwa 1999, na jumba la makumbusho aliloanzisha wakili Fred Gray, ambako majina ya wanaume hao yameandikwa.